Nyumba Isiyo na Chumvi

Mama yangu alikuwa mpishi wa shughuli. Huko Temeke alikokaa, chakula cha harusi, hitima na maulidi hakikuanza kupikwa mpaka afike, na akifika hakuna aliyethubutu kushika kopo la chumvi. Chumvi aliitia yeye kwa kiganja, bila kuonja, huku anaongea habari nyingine kabisa. Wapishi wenzake walisema ana mkono wa chumvi. Mimi ni muuguzi wa wodi ya moyo, na nimekaa humo muda wa kutosha kiasi kwamba nikikuona unapanda ngazi nakwambia kama usiku unalala chali au umeegemea mito. Mungu alipotukutanisha sisi wawili jiko moja, alikuwa na lake.

Ilianza na miguu. Alisema viatu vimembana, akalaumu fundi. Baadaye ikawa halali bila mito mitatu mgongoni. Nilipombonyeza ugoko kwa kidole, shimo likabaki pale pale, nyama haikurudi. Wagonjwa wangapi nimewabonyeza hivyo huku tukizungumza habari za watoto wao, lakini siku ile kidole kiliniwia kizito. Alilazwa, akapewa dawa za kutoa maji mwilini, pumzi ikarudi. Daktari akamruhusu kwa masharti ambayo mimi mwenyewe huwasomea wagonjwa kila asubuhi: chumvi aiache, maji ya kunywa yapimwe, apande kwenye mizani kila siku kabla ya chai, dawa asiruke. Nikamhamishia kwangu, Gongo la Mboto.

Nilimnunulia sufuria ndogo ya peke yake, nikajiona hodari. Mchuzi wetu jiko hili, wake usio na chumvi jiko lile, kisha nikampakulia kwenye sahani ya maua niliyokuwa naitunza kwa wageni. Nyumbani kwangu mimi na watoto tunakula sinia moja, mkekani. Mume wangu alikuwa akipelekewa sahani yake sebuleni, kwa sababu mkwe na mama mkwe hawali pamoja, na kwa jambo hilo mama alikuwa mkali kuliko serikali. Basi mama akaitazama ile sahani ya maua, akauliza ni ya nani. Nikamjibu ni yake, mgonjwa wangu. Akala vijiko viwili, akasema ameshiba.

Kesho yake akashiba tena, na siku iliyofuata. Nikabadilisha mboga, nikambembeleza, nikatumia ile sauti yangu ya wodini inayowafanya hata wazee wakorofi wafungue midomo. Hakuna kitu. Mashavu yakaanza kubonyea, na uzito ukashuka, si ule wa maji tena, bali wa mwili wenyewe. Nimeona wodini mgonjwa wa moyo aliyeacha kula, najua anakoishia. Niliogopa sana, na mimi nikiogopa hutoka hasira.

Siku moja nimerudi kutoka zamu ya asubuhi, namkuta mkekani katikati ya wajukuu zake, mkono uko kwenye sinia. Ni dagaa wa nazi, na chumvi yao kamili. Sahani ya maua iko pembeni, imefunikwa kawa, haijaguswa. Watoto waliponiona wakaacha kutafuna. Hata viatu sikuvua. Nilimwambia maji yatarudi miguuni, yatapanda kifuani, atarudi wodini tena akiwa amebebwa. Nikamwambia nimechoka kuwa nesi kazini na nesi nyumbani, na hakuna mahali ninaporuhusiwa kuwa mtoto wa mtu. Hilo la mwisho sikujua kuwa lilikuwamo ndani yangu mpaka lilipotoka.

Alinisubiri nimalize. Akanawa mkono taratibu kwenye bakuli.

"Mwanangu," akasema, "ugonjwa nimeukubali. Ugeni nimeukataa. Nimewapikia watu maisha yangu yote, sijapata kula peke yangu. Hiyo sahani yako inanitenga mie na hawa."

Kila asubuhi wodini nasema chumvi, chumvi, na haijawahi kunijia kwamba mtu anaweza kufa njaa mbele ya sahani iliyojaa kwa sababu imewekwa mbali na za wenzake.

Jioni nikamweleza mume wangu. Ni mtu wa maneno machache, na hayo machache huyasema akiwa anatazama pengine. Akauliza kwani ile sufuria ndogo haiwezi kuwa kubwa. Sikumwelewa. Akasema kama mama hawezi kula chetu, basi sisi tule chake.

Kopo la chumvi nikampa jirani. Akalipokea kwa kuniangalia sana, naamini alidhani nimepewa miiko na mganga.

Mwanzo ulikuwa mateso, nisidanganye. Watoto ghafla wakazipenda nyumba za majirani, hasa saa za chakula. Mimi mwenyewe wali ulinikwama, nikawa nakunywa maji kila tonge. Lakini mama alikula. Alikaa nafasi yake, mgongo ukutani kwenye mito, akamega pamoja na wajukuu, akamaliza upande wake wa sinia. Kisha, alipoona nyumba nzima inateseka kwa ajili yake, akaingiwa na haya, haya za mpishi. Akaagiza kigoda kiwekwe mlangoni pa jikoni, akaanza kuniamrisha. Ndimu iingie mwisho. Kitunguu saumu kikaangwe mpaka kibadilike rangi kidogo. Ukwaju hapa, tangawizi pale, tui zito lisichemke kwa fujo. Anasema, anapumzika, anavuta pumzi, anasema tena. Utotoni hakunifundisha kupika, mimi nilikuwa shuleni na yeye alishinda kwenye masufuria ya watu. Nilifundishwa ukubwani, na mwalimu hana pumzi, na ndizo siku nilizokaa karibu naye kuliko zote.

Chakula kikawa kitamu. Sikutegemea, lakini kikawa.

Siku moja nafua shati la mume wangu, nikakuta mfukoni kikaratasi kilichokunjwa vizuri, na ndani yake chumvi. Nilicheka peke yangu kwenye karo, nikampelekea mama aone. Hakushangaa hata kidogo. Alikuwa anajua kitambo, kwa sababu kijiko cha sebuleni kilichelewa kuanza kugonga sahani. Heshima ya ukwe haikumruhusu kumsema mkwewe usoni, kwa hiyo akanituma mimi.

"Mwambie mkwe wangu chumvi mbichi si nzuri," akasema, "asije akapata presha akaanza kunigombea mito yangu."

Mume wangu alipofikishiwa salamu hizo alicheka mpaka akatoka nje. Baada ya hapo sikukuta tena kikaratasi mifukoni, na sikuuliza.

Kazini nako nilibadilika. Zamani nilianza na masharti, sasa nikawa naanza na swali: nyumbani unakula na nani? Wenzangu walidhani ni umbea. Mwalimu mmoja mstaafu, mtu wa bara, aliyelazwa kwa moyo kama wa mama, alinijibu kwamba yeye anakula na redio. Siku hiyo nilikaa kando ya kitanda chake zaidi ya muda nilioruhusiwa, na mkuu wa zamu akanisema.

Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nilimpigia mama magoti, nikambonyeza ugoko kuangalia kama maji yamerudi. Naye ananyoosha mguu huku akitazama juu, anasema, "Bonyeza basi, kama embe la sokoni." Mguu wake ulikuwa wa moto, ngozi laini, na alama ya kovu la mafuta ya harusi ya nani sijui. Mpaka leo nikibonyeza mguu wa mgonjwa nausikia ule. Nautamani mguu wa mama yangu, sioni haya kusema.

Tulipata muda, si haba. Alifariki mchana, baada ya sala ya adhuhuri, ameegemea mito yake, chakula kikiwa bado jikoni. Moyo ulichoka. Nilijua utachoka, nimesomea, na kujua hakukunisaidia chochote.

Wapishi wenzake walikuja kutoka Temeke na masufuria yao makubwa, wakampikia pilau ya msiba kama yeye alivyopikia misiba yao. Watu walisifu. Nikaletewa sahani, nikatia tonge mdomoni, chumvi ikaniunguza ulimi. Nililitema kwenye pindo la kanga. Mama mmoja akamwambia mwenzake kwamba uchungu wa mzazi ndio unanizuia kula, na hakukosea.

Matanga yalipoisha, jirani akanirudishia kopo la chumvi. Alisema kwa upole kwamba sasa hakuna mgonjwa tena, alitaka kunirahisishia. Nikapika mchuzi wa samaki kama zamani, nikatandika mkeka, nikapeleka sahani sebuleni. Pale ukutani mito ilikuwa bado imepangwa, sikuwa nimepata nguvu ya kuitoa. Kutoka sebuleni nikasikia kijiko kimeanza, kisha kimesimama.

Mume wangu akatokea na sahani yake mkononi. Muda wote mama alipokuwa hai hakuwahi kukanyaga mkeka ule wakati wa kula. Akavua ndala, akakaa, si kwenye nafasi ya mama bali kando yake, akaiweka sahani chini.

"Kesho pika kile cha mama," akasema.

Nikamwambia chumvi ipo sasa, si lazima tena. Akasema anajua, na macho yake yalikuwa kwenye mito. Nikalia mbele ya watoto, sikujificha, na hakuna aliyeninyamazisha.

Asubuhi yake, kabla ya kwenda zamu, nilibisha hodi kwa jirani, nikampa tena lile kopo.