Karata ya Mnara

Moshi wa kiwanda ukinikaba koo, namwona tena shangazi akipanga karata za ramli alizoachiwa na bibi mmoja Mzungu aliyekimbia baada ya uhuru. Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo, na sisi wenye asili ya Kasai tulishaanza kuitwa wageni mtaani. Karata ya mwisho ilikuwa na mnara uliopigwa radi, watu wakianguka kutoka madirishani.

"Ile iko shemine ya kiwanda tu," mama alisema akicheka, akionyesha bomba la moshi dirishani.

Shangazi hakucheka.

"Mbona bantu banaanguka?" nilimuuliza.

Akaigeuza karata juu chini. "Angalia, mutoto. Sasa banapanda."

Kisha akainuka, akaanza kufunga godoro lake kwa kamba. Mama akamtazama, halafu akakunja letu.