Kengele Iliyomwaga Pombe ya Posa Yangu

Jamani, aibu nyingine mtu anazeeka nayo, na yangu naitaja mwenyewe kabla hamjaisikia Kanazi, kijijini kwa wakwe zangu, maana kule mpaka leo wananiita Bwana Gesi.

Nilikuwa chuo, natengeneza kifaa cha kunusa gesi kwa mirija ya kaboni (midogo mno, unywele ni gogo mbele yake), na baba yake Yusta, binti niliyetaka kumwoa, alikuwa na jiko la gesi ya samadi akihofu linavuja, nikasema hapa ndipo nitampata mzee. Vifaa vilikuwa viwili: kimoja mirija yake laini, gesi inapita tu bila kushika, kwa hiyo kizito kuitika, kingine mirija yake niliichemsha kwenye asidi ikapata makovu, na penye kovu ndipo gesi inanasa. Mwalimu wangu alinionya, "Hicho kinanasa chochote kinachopita." Mimi na sifa zangu nikabeba hicho hicho.

Siku ya posa wazee wameketi, mjomba ananisemea (mwoaji hafungui mdomo, ndiyo desturi), na mtungi wetu wa pombe ya ndizi, ambao bila kuunywa hakuna jibu, uko jikoni ukisubiri kuitwa. Nikanyanyuka, nikaingia jikoni na kifaa, kikapiga kelele hiyo! Nikapayuka, "Gesi! Tokeni nje!" Wazee wakatoka mbio, mmoja kiatu kimoja, nami shujaa nikarukia kuzima moto, nikaukumba mtungi, ukapasuka. Nikatoka nje na kifaa, kikanyamaza, nikainama kutazama miguu yangu iliyolowa, kikalia tena.

Baba Yusta akanitazama. "Kumbe kinanusa pombe?"

"Shikamoo, baba," nikajibu (sijui kwa nini).

"Marahaba. Bila pombe sina jibu, mwanangu. Kalete nyingine, na hiyo uikamue mwenyewe."

Basi nikarudi kwetu Kasulo kwa shangazi, aliyekuwa ameitengeneza ile ya kwanza, tukafukia ndizi shimoni ziive, tukakamua, mikono ikaniwasha, na kila jioni ananiambia nisimulie upya, anacheka mpaka anashika mbavu. Nimezikumbuka sana siku zile.

Yusta nilipewa. Nimeapa kutobeba tena kifaa nisichokijua vizuri, na penye wazee nafunga mdomo. Ila shangazi alifariki kabla sijarudi tena likizo, na kama si ule mtungi kupasuka, nisingekaa naye wiki ile.