Ugali wa Shangazi na Kipimo cha Sukari

Mimi ndiye mtu wa kwanza kurudi kijijini kwetu Chanzuru na kijimashine cha kupima sukari mfukoni. Stashahada yangu ya maabara niliisomea India kwa fedha ya vitunguu, nilivyouza Mikumi nikikimbizana na mabasi. Niliporudi, miaka ile ya ruksa, biashara zilipoachiwa huria, maduka ya Kilosa yalikuwa yamejaa soda na mitumba, lakini ujuzi wangu hakuna duka lililouuza.

Shangazi, dada wa baba yangu, alikuwa ametoka hospitali amekatazwa ugali. Sukari ilimpanda. Dawa alikubali, kutembea alikubali.

"Ila wakiniondolea ugali, mwanangu, waniletee na sanda kabisa."

Akawa anasusa kula, anakonda. Nikamwahidi kwamba kabla hajarudi kliniki nitautafiti mwili wake: nimpime kabla ya kula, nimpime tena chakula kikishatulia tumboni, kisha daktari aamue kwa vipimo.

Kula peke yake kwenye sahani alikataa. Mla peke yake, alisema, ni mchoyo au mchawi. Basi nikaugawa ugali kwenye sinia, fungu dogo kwa kila mtu, na maharage na mlenda wa kutosha, akala pamoja na wadogo zangu. Sukari ikapaa. Kesho yake vilevile. Shangazi akawa analitazama sinia kama mtu anayeaga.

Mtu niliyevuka bahari kwa vitunguu sikuwa wa kushindwa na sinia. Mlo uliofuata sikula, nilitazama mikono. Kumbe wadogo zangu, kwa adabu waliyofunzwa, walikuwa wanasukuma kimyakimya pembe za mafungu yao upande wa mkubwa. Naye, asiwavunje moyo, alikula. Fungu dogo nililompimia lilimfikia mdomoni maradufu.

Kuwakataza kungekuwa kuwafundisha utovu wa adabu. Nikawahamisha, nikamkalisha mama yangu, wifi yake, kwenye sinia. Kati ya mawifi kuna utani tu.

"Leo nakula na mwizi," Shangazi akasema.

"Kula chako, bibi sukari. Kidole kikivuka huku nakikata nakitia kwenye mlenda."

"Kaka yangu aliona nini kwako?"

"Aliona ugali usioungua. Kwenu hakuwahi kuuona."

Hakuna tonge lililovuka mpaka. Nilipompima, sukari ilikuwa imepanda kidogo tu. Tukarudia milo kadhaa, ikawa hivyohivyo, nami nikampeleka kliniki kifua mbele, Mama akitusindikiza.

Daktari alivisoma vipimo vyangu, akaniuliza nilisoma wapi, nikamweleza kwa kirefu, na kisa cha sinia na wifi pia. Kisha akamruhusu Shangazi ugali: fungu lilelile, mboga kwa wingi.

"Na wifi?" Shangazi akauliza. "Naye niendelee kummeza?"

"Kila mlo," daktari akasema.

Njia nzima Mama alilalamika kwamba amegeuzwa kidonge. Jioni alikuwa wa kwanza kunawa mikono.