Vyumba Kumi, Kufuli Mpya

Nakumbuka Sabato moja, siku ya kufunga makambi, mikutano ya kila mwaka ya sisi Wasabato, mume wangu na mimi tukiwa bado vijana wenye papara. Tulipotoka kanisani, mzee mmoja wa kanisa letu alitupeleka kuona ploti aliyotaka kutuuzia, vyumba kumi vya kupangisha karibu na Daraja Mbili. Kutazama si biashara, alisema, kwa hiyo Mungu hatakasirika. Hapo tu, mwanangu, ningepaswa kushtuka. Anayejipindia sheria ya Mungu ataiheshimu ya nani?

Kila mlango ulikuwa na pazia na kufuli mpya. "Wapangaji wangu wote wako makambini," akasema. "Hakuna chumba kinacholala bure. Lakini fanyeni haraka, kuna mtu wa Nairobi ananipigia simu kila siku." Mume wangu akapiga hesabu ya kodi ya vyumba vyote kwa mwaka mzima, akatabasamu hadi nyumbani Nyansiongo. Mimi nilikuwa nimeshachagua rangi ya geti.

Pesa hatukuwa nazo. Tulikuwa na ng'ombe wa maziwa ambao mama mkwe alitupa tulipooana, na ndio waliotulisha na kuwasomesha watoto. Tuliamua kuwauza, na mnunuzi wao angekuja Jumatatu. Ilibidi tumwambie mama.

Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza mimi, si mwanawe. "Mokamwana, mke wa mwanangu, vyumba vyote hivyo vimejaa Wasabato? Mjini hapo hakuna Mkatoliki? Hakuna Mwislamu wa duka?"

Mume wangu akasema huyo ni ndugu yetu kanisani.

"Kikulacho ki nguoni mwako," mama akajibu. "Ng'ombe nikimkamua, maziwa nayaona. Hao wapangaji wenu nani amewaona?"

Jumapili alitangulia mbele yetu hadi kwenye ile ploti. Baada ya makambi kila nyumba ya Wasabato hufua, na kamba za ploti za jirani zilikuwa zimelemewa na mashati. Zetu zilikuwa tupu. Nasema zetu, mjinga mimi, kwa sababu moyoni nilikuwa nimeshanunua. Mama akazunguka nyuma, kwenye madirisha yasiyo na pazia, akachungulia moja baada ya jingine. Sakafu tupu, hata jiko la makaa hakuna. Mwanamke aliyeuza mboga ng'ambo ya njia akatuambia wapangaji walihama kitambo. Choo kilijaa, na bomba hajaliona likitoa maji. Mapazia yaliletwa wiki hiyo hiyo.

 Akilini niliwaona watoto wangu wakinywa chai bila maziwa, na zizi likiota nyasi.

Jumatatu yule mzee alikuja na tabasamu lake. Mama akamkaribisha chai, akamwomba jambo dogo. "Nitajie mpangaji wako mmoja. Jina tu." Alikohoa, akauliza habari za mvua, akaondoka bila kumaliza kikombe. Mnunuzi wa ng'ombe tulimrudisha langoni.

Basi, mwanangu, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukionyeshwa nyumba ya kupangisha, rudi siku ambayo hukualikwa, jioni watu wakitoka kazini. Fungua bomba kwa mkono wako. Zungumza na mpangaji wakati mwenye nyumba hayupo, umwulize analipa ngapi, na jirani yake alihama kwa nini. Kwenye hesabu yako usiandike mwaka uliojaa. Kuna chumba kitakachokaa kitupu, paa litakalovuja, na mtu atakayehama usiku na kodi yako. Hati ipeleke mwenyewe ofisi ya ardhi, usipelekewe. Na mke wa muuzaji, na ndugu zake, waseme kwa vinywa vyao kwamba wanauza. Shamba la Mkisii lina wenyewe wengi kuliko karatasi inavyosema. Akikuharakisha, vuta kiti ukae.

Watasema una roho mbaya. Waache. Mimi nimeitwa hivyo tangu mwaka ule, na bado nakunywa chai ya maziwa. Hata haya niliyokuambia usiyameze hivi hivi, nenda ukaulize wengine.

Mungu akufumbue macho kabla hajakufungulia mkono, akupe nyumba zinazokaliwa na watu unaowajua kwa majina, na ulicho nacho leo kisikutoke kwa ahadi ya mtu. Amina.