Kiti Kilichokuwa Wazi kwa Wachina

Nianze kujicheka mwenyewe, msije mkanitangulia.

Tangu biashara za watu binafsi ziwe ruksa, familia moja ya Kichina imefungua mgahawa mtaani kwetu Nkuhungu. Ofisini nilishajitapa kwamba chakula chao nakijua, basi Jumamosi mchana nikaenda kukionja kweli. Nilikuta meza moja tu ina watu: bibi kizee, mama na binti, wanakula. Kiti kimoja kilikuwa wazi, na bakuli limeshawekwa. Nikasema moyoni, huduma ndiyo hii! Nikaketi.

Walitazamana. Kisha mama akatabasamu, akaniambia kwa Kiswahili safi, "Mama mkwe wako anakupenda."

Jamani, si ndivyo tunavyomwambia mtu aliyetukuta tunakula nyumbani? Mimi Mgogo mzima sikushtuka. Nikapakuliwa wali na samaki wa bwawa la Mtera. Nikalalamika mchuzi umepoa, binti akaenda kuupasha. Nikataka pilipili, bibi akanisogezea yake.

Samaki alipobaki miiba, nikapiga makofi kumwita mhudumu. Jikoni akatoka mzee anayevuja jasho, vijiti vyake vya kulia mkononi. Akakitazama kiti, akaitazama miiba.

"Mjomba, tunafungua saa kumi na moja," binti akasema kwa upole. "Hicho ni kiti cha baba."

Nikainuka kama niliyekalia kaa la moto. Mzee akanishika bega, akanirudisha chini, akavuta kreti ya soda na kuketi kando yangu.

"Kaa, mgeni," akasema. "Wali upo. Samaki ndiyo basi tena."