Nitaludi kwa Mlango wa Jikoni

Albamu mpya ikitoka popote katika nchi hii, iwe ya kwaya, ya bongofleva au ya ngoma za Kisukuma, hukumu yake kwa Sumbawanga hutolewa kwenye benchi moja la mbao lililo mbele ya kibanda cha Isdori, hapa Kizwite, karibu na pikipiki zinapoegeshwa. Mimi nashona viatu pembeni ya benchi hilo. Sikuomba kukaa hapo, wala sina pa kuhamia, kwa hiyo miaka yote hii nimesikiliza hukumu za watu ambao hawajawahi kupiga hata filimbi.

Isdori ni fundi wa redio na simu, lakini kinachomlisha hasa ni kuingiza nyimbo. Mtu analeta kadi ya simu au flashi ya redio, anataja anachotaka, naye anaondoka na nyimbo za kumtosha msimu mzima wa palizi. Asiyejua anachotaka humuuliza fundi, na hapo ndipo ilipokuwa raha yake. "Hii usichukue yote," angesema. "Chukua wa pili na wa mwisho. Hizo nyingine amejazia gunia."

Sheria yake ilikuwa moja: mdundo ni sahani, maneno ndiyo chakula. Mwimbaji akimeza neno au akilitamka ovyo, Isdori alisimamisha wimbo papo hapo, akaurudisha nyuma mpaka benchi zima lisikie kosa. Vijana walimwogopa na kumpenda kwa hilo. Mwanafunzi wake mkubwa alikuwa Zita, mama muuza mitumba mwenye sauti ya kuita ng'ombe, aliyeanzisha kundi la WhatsApp la wapenda muziki ili wale wasiofika kwenye benchi wasikose kusikia anachofikiri. Hakuna mwimbaji aliyewahi kupona mdomo wa Zita.

Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akitamka atakavyo mbele ya kibanda kile, naye ni Silvana, mke wa Isdori. Silvana alikulia kijijini kwenye Kifipa, na katika Kiswahili chake r ilikuwa ikimponyoka ikawa l. Kila mchana alitoka nyumbani kwao Malangali na ugali wa ulezi na dagaa wa Kirando, amevifunga kwenye kitambaa. Hakuwa mtu wa kusogea penye wanaume wengi. Alisimama pale kwenye kona ya duka la mbolea, akaita, "Isdoli, kinapoa."

Benchi lilicheka kila siku kana kwamba ni mara ya kwanza. "Fundi, huyu mbona humrudishi nyuma?" Zita aliwahi kumchokoza.

"Huyu hana kitufe," Isdori akajibu, akainuka kwenda kuchukua chakula chake.

Zita alijua kwamba Silvana yumo kwenye kwaya ya kigango chao cha Kikatoliki, lakini nusu ya wanawake wa mji huu wamo kwenye kwaya fulani. Kuwa ndiye mwanzishaji, yule anayeimba peke yake wenzake wakimwitikia, hilo hakulijua, kwa sababu Zita ni Mmoraviani na Silvana hakuwa mtu wa kujitangaza. Mwaka huu kwaya ile ilikwenda studio kurekodi albamu. Mwalimu wao, Adolfu, alikuwa ametunga wimbo kuhusu mwana mpotevu, anayeona aibu kupita mlango wa mbele na kusema, "Nitarudi, Baba, nitarudi kwa mlango wa jikoni." Wakampa Silvana aimbe. Adolfu alimrudisha kwenye neno hilo mpaka mtu wa studio akaanza kupiga miayo, na kila mara likatoka vilevile, nitaludi. Mwishoni wakaliacha.

Mwezi wa Mei Silvana akaugua kifua. Alikwenda hospitali kwa miguu yake na akarudishwa kwa gari. Tulimzika upepo ukiwa umeanza kuwa mkali, watu wamevaa makoti, na Isdori alikuwa na shati tu. Nilimvika koti langu, wala hakugeuka kuona ni nani.

Turubai za msiba hazijaondolewa, Adolfu akamjia. Nyimbo zilikuwa tayari, lakini video zilikuwa bado. "Kaka Isdori," akasema, "video haiwezi kukosa mdomo." Walitaka binti mmoja wa kwaya, Jenifa, mtoto wa mtumishi wa serikali aliyehamia kutoka Moshi, asimame mbele ya kamera na kuchezesha midomo huku sauti ikiwa ya Silvana. Isdori akasema sawa. Siku zile alikuwa akisema sawa kwa kila kitu. Ungemwambia kibanda kinaungua, angesema sawa.

Albamu ikatoka kipindi cha baridi kali. Amos, dereva wa bodaboda, akaja nayo kwenye simu, na benchi zima likainamia kile kioo kidogo. Isdori alibaki ndani, amewapa mgongo, anakaza skrubu ya redio ambayo nilimwona akiikaza tangu asubuhi. Nilimsikiliza Silvana akiimba, mkono wangu umeshika sindano, na kwenye kioo cha Amos alikuwapo msichana mzuri mwenye vazi la zambarau akitembea kando ya shamba la mahindi.

"Huyu Jenifa ni noma," Amos akasema. "Mshikaji, hii ngoma imetulia."

"Sauti anayo," Zita akasema, "hilo sibishani. Sauti kama hii sijaisikia mwaka huu. Lakini mmesikia alichosema? Nitaludi!" Akacheka mpaka akashika mbavu. "Msomi mzima, baba yake bosi, nitaludi! Fundi, rudisha nyuma watu wasikie."

Isdori hakugeuka. Zita akaendelea kumtaka atoe hukumu yake, kwa sababu albamu ambayo Isdori hajaisemea ilikuwa kama kesi isiyo na hakimu. "Bado sijaisikiliza," akajibu, na huo ulikuwa ukweli.

Walipotawanyika nilimwendea. Nikamwambia awaeleze kuwa ni mkewe, yaishe. Akaweka bisibisi chini.

"Nikiwaambia, wataisifu," akasema. "Wataisifu kwa sababu amekufa. Silvana hakuimba ili aonewe huruma. Acha waipende yenyewe kwanza, halafu nitawaambia."

Nikamwambia huo ni ujinga wa mtu aliyezidiwa na nyimbo. Akaniomba ninyamaze. Nikanyamaza, kwa sababu msiba ulikuwa wake, lakini nilikasirika, na hasira yangu ikaangukia viatu vya wateja.

Jioni hiyohiyo Zita akarekodi hukumu yake na kuituma kwenye kundi. Alisema albamu ni nzuri, ila mwanzishaji arudi chekechea akafundishwe herufi r. Unajua jambo la kuchekesha linavyosafiri. Lilifika Laela, likafika Namanyere, likashuka mpaka Kirando kwa wavuvi. Watoto wakitoka dukani wanaagana, "Nitaludi." Sifa zote za sauti zikafunikwa na kicheko kile, na Jenifa akawa hawezi kupita sokoni. Naye masikini anatamka r ya kunguruma kama pikipiki. Akaenda kwa Adolfu analia, akisema hawezi kubeba ulimi wa mtu mwingine.

Adolfu akaja tena kibandani, safari hii na flashi mkononi. "Watu wamelalamika sana, kaka. Tumemrudisha Jenifa studio, ameimba upya yeye mwenyewe. Ule wa zamani studio wameshaufuta. Usije ukaona tumemdharau marehemu. Kwenye nyimbo nyingine bado yumo, kwenye viitikio."

"Sawa," Isdori akasema.

Nilitaka kumpiga Adolfu na soli niliyokuwa nayo mkononi. Lakini Adolfu alikuwa na kwaya ya kulinda, na Isdori alikuwa amesema sawa. Basi wimbo mpya ukaingia mjini. Watu walipanga foleni kubadilishiwa ule wenye kosa, na Isdori akawabadilishia mmoja baada ya mwingine, akimfuta mkewe kwenye kila kadi kwa kidole chake mwenyewe. Sijawahi kuona kazi ngumu kama ile, na mimi nimewahi kuchimba kaburi.

"Sasa binti ameimba," Zita akatangaza. "Mnaona faida ya kukosoa? Tungemwonea haya, angebaki na nitaludi yake hadi kiama."

Mtu aliyeharibu mambo, au aliyeyatengeneza, alikuwa Mboje. Huyu ni mfugaji wa Kisukuma kutoka bondeni. Hupanda huku juu siku ya mnada, ana redio kubwa ameifunga nyuma ya baiskeli kwa mpira, redio isiyo na kioo wala picha. Huja kuchukua ngoma za kwao, na za kwaya kwa ajili ya mkewe. Alikuwa miongoni mwa waliobadilishiwa. Asubuhi moja ya upepo akaegemeza baiskeli kwenye benchi.

"Mzee wa nyimbo, umenipa mtu mwingine."

"Ni wimbo uleule, Mboje. Umetengenezwa."

"Basi nipe ule ambao haujatengenezwa. Mke wangu ameukataa huu. Anasema yule wa kwanza alikuwa analudi kweli. Huyu anasoma."

 Isdori akavuta kompyuta na kutafuta, na nikajua kwamba kumbe humo hakuufuta. Tatizo ni kwamba nyimbo zote mbili zilikuwa na jina moja. Ili asimpe mteja usio wake, ilimbidi afanye anachofanya kila fundi, ajaribishe kwenye spika. Kidole kilikaa juu ya kitufe, kikaondoka, kikarudi.

Silvana akaimba barabarani. Hakukuwa na binti wa zambarau wala shamba la mahindi, ilikuwapo sauti tu. Zita alikuwa kwenye benchi akipanga makoti ya watoto. "Fundi, mbona unaturudisha kwenye makosa..." akaanza, kisha akakoma. Akasikiliza ubeti mzima bila kusema neno, jambo ambalo sijapata kuliona. Wimbo ulipofika kwenye mlango wa jikoni, koti likamponyoka.

"Isdori," akasema. "Hiyo l naijua. Hiyo ni ya 'Isdoli, kinapoa.'"

Isdori alikuwa ameweka kiganja juu ya spika, kama mtu anayempima mtoto homa.  Mboje akaniuliza kwa macho, nikamwambia, "Ni mkewe. Tulimzika Mei." Mboje akavua kofia.

"Mbona hukusema?" Zita akauliza. Sauti yake ilikuwa imeisha kabisa.

"Ningesema, mngesifu."

Zita akalia hapohapo mbele ya wateja wake, bila kujifunika uso. Alilia kwa ajili ya Silvana, nadhani, na kwa ajili ya kile kicheko alichokituma mpaka Kirando. Isdori akaacha wimbo uishe. Kisha akageuza kiti, kwa mara ya kwanza tangu msiba akalitazama benchi.

"Sasa umejua," akasema. "Nipe hukumu, Zita. Ile ambayo ungempa mtu yeyote."

"Usinifanyie hivyo, baba."

"Nipe."

Zita akajifuta kwa ncha ya kanga. "Kinanda kinamfunika mwanzoni," akasema polepole. "Besi wanachelewa kuingia. Ubeti wa pili ni mrefu, Adolfu alipaswa kuukata. Sauti nilikwishaisema siku ile ya kwanza, kabla sijajua kitu. Sijaisikia sauti kama hii mwaka huu."

"Na nitaludi?"

Zita akamtazama, machozi yanamtiririka. "Ni kosa," akasema. "Bado ni kosa, Isdori."

"Najua," Isdori akasema. "Sikuwahi kumrekebisha." Hapo naye akalia, na nafurahi kwamba alilia, kwa sababu nilikuwa nimeanza kumwogopea.

Akamwingizia Mboje wimbo wake. Mboje akaifungulia redio, akapanda baiskeli na kuelekea mteremko wa bondeni, na Silvana akaenda naye akiahidi kurudi, mpaka upepo ukammeza. Redio za mjini hazitampiga tena. Zita ametuma ujumbe kwenye kundi kueleza mwimbaji alikuwa nani. Watu wameandika pole nyingi, lakini wimbo wanaoupiga ni ule uliotengenezwa. Ndivyo ulimwengu ulivyo, na mimi siusamehe.

Mchana ule Zita akaacha mitumba yake, akaenda kwa mama lishe. Nilimwona akirudi na sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Alipofika kwenye kona ya duka la mbolea akasimama, bila shaka miguu ilisimama yenyewe, akafungua mdomo amwite Isdori. Hakuweza. Akavuka, akaiweka sahani mbele yake juu ya redio alizokuwa amezifungua.

"Kinapoa," akasema.