Niliapa Kwamba Meno Nayatoa

Mwenye barua hii ametuomba tulifiche jina lake na la msikiti wake. Tumemsitiri.

Assalaam alaykum, wasomaji wenzangu. Mimi ni mwanamume wa miaka arubaini na mitatu, mwalimu wa chuo cha Kurani katika kijiji kimoja karibu na Bagamoyo. Nilifiwa na mke, na sasa nina miezi minne tangu nioe tena.

Mwaka jana nilikwenda Zinga kwa shemeji yangu, nikamenya muwa kwa meno kama tulivyozoea toka utotoni. Jino moja la mbele likakatika, la pili likang'oka. Kwa mwingine ni aibu ya uso tu, kwangu mimi ni kazi. Herufi ya thaa inataka ncha ya ulimi iguse meno ya mbele ya juu, na mimi nikawa natoa upepo. Nikapanda basi hadi Dar es Salaam, daktari akang'oa kile kipande, akanitengenezea meno mawili ya bandia ya kuvaa na kuvua. Kisomo kikarudi, na haikupita muda nikaposa.

Basi watu wa msikitini wakaanza kunikera. Huyu anauliza kama maji yanafika nikisukutua. Yule ananiambia niweke la dhahabu, kana kwamba hajui kuwa dhahabu ni haramu kwa mwanamume. Kusukutua ni sunna, si faradhi, udhu wangu hauna kasoro, na hilo nimewasomesha mimi mwenyewe. Hawasikii. Siku moja baada ya alasiri, mzee anayesimamia msikiti akaniuliza mbele ya jamaa wote.

"Mwalimu, sisi tunasali nyuma yako. Yale meno ukitawadha unayatoa, au huyatoi?"

Ningefungua kitabu, maneno yangekwisha. Lakini wanafunzi wangu walikuwa wananitazama mdomoni, nikaogopa nitaambiwa niyatoe pale pale birikani.

"Wallahi, nayatoa nyumbani, kila sala."

Mzee akasema wameridhika, na tarawehe za Ramadhani nitasalisha mimi.

Ndugu zangu, siyatoi. Mke wangu hajawahi kuniona na pengo. Nalala nayo ingawa daktari alinikataza, na ufizi umevimba. Nina hasira na watu wa msikitini kwa kunichokonoa, na nina hasira zaidi na nafsi yangu, mtu mzima niliyeapa uongo kwa ajili ya kitu nilichoweza kukitetea kwa haki.

Daktari anasema anaweza kunifungia meno yasiyotoka, ila lazima ayasage mawili mazima ya pembeni yapate kuyashikilia. Nikikubali, hakuna atakayeniuliza tena, wala mke wangu hatajua. Kafara ya kiapo naijua, hiyo ni yangu na Mola wangu. Lakini jana nimemsikia mke wangu akinisifia kwa mama yake kwamba ameolewa na mtu mkweli, nikashindwa kula.

Ramadhani imebaki wiki tatu. Nishaurini, nifanye nini? Niyasage meno yangu mazima ninyamaze, au niyatoe haya ya bandia mbele ya mke wangu, kisha niende msikitini nikawaambie kwamba anayewasalisha aliwadanganya?